Mwongozo kamili wa kutafuta na kurekebisha matukio yasiyosadikika katika riwaya

Msomaji anapofungua riwaya huwa amekwisha kukubali mengi. Amekubali kwamba Rehema yupo, kwamba ana baba mdogo anayeitwa Sefu, na kwamba wosia wa marehemu baba yake umefichwa mahali. Ukimwambia kwamba katika nchi hiyo wafu hurudi mara moja kwa mwaka kuwajulia hali jamaa zao, atalikubali hilo pia, mradi umwambie mapema. Halafu katika sura ya 22 Rehema anaingia ofisini kwa Sefu, anakuta droo haikufungwa, wosia uko juu ya karatasi nyingine zote, na msomaji yuleyule aliyewameza wafu anakiweka kitabu chini. Droo imemshinda.

Kilichomkera si kwamba jambo hilo haliwezekani. Droo huachwa wazi kila siku. Kilichomkera ni kwamba ameuona mkono wa mwandishi: droo iko wazi kwa sababu mwandishi aliihitaji iwe wazi. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwaambia watunzi wa tamthilia wachague lisilowezekana linaloaminika kuliko linalowezekana lisiloaminika, na hadi leo hakuna aliyelisema vizuri zaidi. Kwa hiyo mwandishi anayejitetea kwa kusema “lakini mambo kama haya hutokea” anajibu swali ambalo msomaji hakuuliza.

Hatua zinazofuata ni za mwandishi mwenye mswada uliokamilika, au mhariri aliyekabidhiwa mmoja. Usizitumie ukiwa bado unaandika rasimu ya kwanza, maana utajibishana na kila sentensi na kitabu hakitaisha. Unahitaji mswada uliochapwa kwenye karatasi kwa nafasi mbili kati ya mistari, penseli, kadi tupu kiasi cha 80 (au jedwali kwenye kompyuta), na kalenda. Riwaya ya maneno 80,000 huwa na matukio kama 60 hadi 80. Ukitenga dakika 12 kwa kila tukio, kazi ya kadi peke yake itakula muda wa saa 14 hivi. Igawe kwa siku kadhaa, kwa sababu jicho lililochoka husamehe.

Hatua ya 1: Uache mswada upoe

Wiki 4 ni kiasi kizuri, 2 ni haba. Sababu ni moja: mwandishi anayajua majibu yote, kwa hiyo kichwa chake huziba mapengo bila yeye kujua. Anajua kwa nini Sefu hakuuchoma wosia, ila hajaliandika popote. Baada ya mwezi sehemu ya majibu hayo huwa imefutika, na mapengo yaliyomo kwenye karatasi huanza kuonekana. Kama tarehe ya mchapishaji haikuruhusu kungoja, badilisha sura ya maandishi: aina nyingine ya herufi, ukubwa mwingine, na usome kwa sauti.

Hatua ya 2: Tafuta wasomaji wa majaribio, na uwape kazi ndogo

Watatu wanatosha, watano ni wengi. Mmoja awe mtu anayesoma sana riwaya za aina yako. Mwingine awe mtu asiyezisoma kabisa.

Makosa mengi hufanywa kwenye maelekezo. Ukimwuliza msomaji “kuna mahali hapakusadikika?” atageuka kuwa mkaguzi, ataanza kuwinda, na atakuletea orodha ndefu ya mambo ambayo yasingemsumbua kama angekuwa amejinyoosha kitandani na kitabu chake. Mwombe mambo mawili tu: apige mstari pembeni mwa ukurasa kila alipojikuta anafikiria kitu kingine badala ya hadithi, na aandike namba ya ukurasa aliokuwa anasoma kila alipokiweka kitabu chini. Asieleze sababu. Sababu utaitafuta mwenyewe, kwani wasomaji hupatia sana mahali penye ugonjwa na hukosea mara nyingi kuutaja ugonjwa wenyewe. Atakwambia “huyu Rehema simpendi,” kumbe kilichomkera ni kwamba Rehema alimwamini mtu aliyemdanganya mara tatu.

Mistari ya wasomaji wawili ikiangukia ndani ya kurasa 5 zilezile, pana kosa. Ukiwa ni wa mmoja peke yake, uweke kiporo mpaka umalize Hatua ya 4.

Hatua ya 3: Andika kadi ya kila tukio

Kila kadi iwe na mistari mitano:

• Mhusika anataka nini hapa, na anaogopa nini.
• Anajua nini kufikia ukurasa huu. Si unachojua wewe, wala anachojua msomaji.
• Kwa nini analifanya leo, si jana wala wiki ijayo.
• Njia rahisi zaidi ya kukipata anachotaka ni ipi, na kwa nini haitumii.
• Tukio hili limezaliwa na tukio lipi.

Mstari wa pili ndio unaokamata makosa mengi. Katika riwaya zenye wasimulizi wengi ni kawaida kumkuta mhusika akitenda kwa habari aliyopewa mwenzake katika sura ambayo yeye hakuwemo. Mstari wa tano nao ni mchungu. Kadi isiyoweza kutaja mzazi wake ni ya tukio lililoshuka kutoka angani, na kadi tatu za namna hiyo zikifuatana, msuko hauna uti wa mgongo.

Hapa pana mtego wa lugha yetu wenyewe. Masimulizi ya Kiswahili huteleza vizuri sana kwa -ka-: akaingia, akaifungua droo, akauona wosia, akausoma, akalia. Sikio linaridhika kwa sababu mambo yanafuatana, na wala halitambui kwamba hakuna linalosababisha lingine. Chukua aya kama hiyo, ingiza “kwa hiyo” au “lakini” kati ya kila kitendo na kinachokifuata, kisha uisome upya. Mahali ambapo hakuna neno hata moja kati ya hayo mawili linalokubali kukaa, umepata mwanya. Si kila mwanya ni kosa, ila kila mmoja unastahili alama ya penseli.

Hatua ya 4: Bainisha kosa ni la aina gani

Dawa hutofautiana, kwa hiyo usianze kurekebisha kabla ya kujua unachokirekebisha. Kuna aina tano, na hazina uzito sawa.

Kosa la mhusika ndilo baya kuliko yote: mtu anafanya asichoweza kufanya mtu wa namna yake. Wakili makini anatia saini bila kusoma. Mama aliyempoteza mtoto mmoja anamwacha wa pili peke yake kando ya mto ili msuko upate mtoto wa kuzama. Msomaji huyasamehe makosa ya fizikia, haya hayasamehi, kwa sababu watu anawajua kuliko anavyoijua fizikia. Namna inayojitokeza mara nyingi zaidi ni ya wapenzi wanaotengana kwa kutoelewana ambako swali moja lingekumaliza. Ukiona kurasa 120 zimesimama juu ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza, kosa hilo liandike la kwanza kwenye orodha yako.

Sadfa ni aina ya pili, nayo ina hatua yake hapa chini.

Ya tatu ni urahisi: vikwazo vinayeyuka. Mlinzi amesinzia, nywila inakisiwa mara ya pili, shahidi aliyekataa kusema kwa miaka 20 anasema kila kitu baada ya kikombe kimoja cha chai. Ndugu yake ni ungamo la adui, ambaye anasimama na bastola na kueleza njama yake tangu mwanzo hadi mwisho. Lipime kwa saa. Mtu anayezungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa takriban maneno 120 kwa dakika. Ungamo la maneno 900 ni dakika 7 na nusu za kuunyoosha mkono wenye chuma cha karibu kilo moja. Mkono utatetemeka kabla hajafika kwenye sehemu ya urithi.

Ya nne ni uvunjaji wa sheria za ulimwengu wako mwenyewe. Kama wafu hurudi usiku mmoja tu kwa mwaka, na sura ya 30 inamleta marehemu baba mchana wa mwezi mwingine ili aonyeshe wosia ulipo, umevunja mkataba. Riwaya za kubuni ulimwengu mpya hupewa uhuru mkubwa mwanzoni na huadhibiwa vikali mwishoni.

Ya tano ni kosa la utaalamu: dawa, silaha, sheria, mwezi, masafa. Waandishi huiogopa kuliko zote, na kwa maoni yetu ndiyo nyepesi kuliko zote. Mfano mashuhuri ni riwaya ya William Golding ya mwaka 1954 kuhusu watoto waliokwama kisiwani. Wanawasha moto kwa miwani ya mwenzao asiyeona mbali, ilhali lenzi za miwani ya namna hiyo hutawanya miale ya jua badala ya kuikusanya. Moto usingewaka. Hata hivyo kitabu kimesimama, kwa sababu miwani ile ina mwenyewe, inagombaniwa, inapasuka, inaibwa, na kila anayeigusa ana sababu ya kuigusa. Kosa la sayansi limebebwa na ukweli wa wahusika. Kinyume chake hakibebeki.

Hatua ya 5: Pima kila sadfa

Ziorodheshe zote, hata ndogo, kisha kila moja iulize maswali matatu.

Inamsaidia nani? Sadfa inayomtia mhusika mkuu matatani hupokelewa kwa urahisi. Inayomtoa matatani hupingwa. Rehema akikutana kwa bahati na Sefu akiwa anatoroka, msomaji anashika pumzi. Akikutana kwa bahati na wakili wa zamani wa baba yake siku moja kabla ya kesi, msomaji anakunja uso. Jambo ni lilelile, mwelekeo tu ndio uliobadilika.

Iko wapi? Robo ya kwanza ya kitabu huvumilia sadfa kubwa, kwa sababu hapo sadfa ndiyo hadithi yenyewe: walipanda basi moja, na ndipo mambo yote yakaanza. Robo ya mwisho haivumilii hata ndogo. Iliyotokea kabla ya ukurasa wa kwanza huvumiliwa kuliko zote. Aristotle aliliona hili katika tamthilia ya Sophocles kuhusu mfalme Oedipus: Oedipus ametawala miaka mingi bila kuuliza jinsi mfalme aliyemtangulia alivyokufa. Ni jambo gumu kuamini, ila liko nje ya mchezo, na watazamaji hulipita. Hii ni dawa halisi unayoweza kuitumia. Tukio usiloweza kulitetea, jaribu kulihamishia nyuma, liwe jambo lililokwisha kutokea kabla kitabu hakijaanza.

Ni ya ngapi? Moja kubwa kwa kitabu kizima. Ya pili humkumbusha msomaji ile ya kwanza, na zote mbili huanguka pamoja.

Kama sadfa ni ya lazima, igeuze kuwa matokeo ya juhudi. Rehema asikutane na wakili njiani. Aende mara tatu kwenye ofisi aliyohama, azungumze na mlinzi, apate jina la kijiji, afike akute nyumba imefungwa. Akimwona hatimaye, msomaji hataiita bahati, ingawa kimsingi bado ni bahati. Gharama yake ni kurasa 4 au 5, na mara nyingi kurasa hizo huwa bora kuliko zile zilizozunguka mkutano wa bahati.

Hatua ya 6: Yafukue makosa kwa kutafuta maneno

Katika kompyuta, tafuta maneno haya moja baada ya jingine: “bila kujua kwa nini”, “kitu fulani kilimwambia”, “kwa bahati nzuri”, “alijikuta”, “ghafla”, “papo hapo alikumbuka”, “kumbe”. Ni maneno mazuri na hakuna haja ya kuyapiga marufuku. Ila mwandishi aliyekosa sababu huyakimbilia, kwa hiyo hukuongoza hadi mahali pa kosa.

“Kumbe” ina hadhi yake. Ikitumika kufichua jambo ambalo msomaji angeweza kulihisi, inampa raha. Ikitumika kuleta habari mpya iliyohitajika sasa hivi (“kumbe Rehema aliwahi kujifunza kufungua kufuli”), ni kiraka. Hesabu “kumbe” za theluthi ya mwisho ya kitabu. Kila moja itafutie kurasa mbili za nyuma ambazo zingeweza kuitayarisha. Usipozipata, hapo pana kazi.

Hatua ya 7: Rekebisha, ukianzia nyuma

Kosa la kawaida katika kurekebisha ni kuongeza maelezo palepale penye tatizo. Mwandishi anaona droo haisadikiki, basi anaongeza aya inayoeleza kwamba siku hiyo Sefu alikuwa na haraka, alipigiwa simu, kichwa kilimwuma, akasahau. Aya hiyo inalikaza jicho la msomaji penye jeraha. Maelezo yanayokuja wakati yanapohitajika husomeka kama udhuru, yakija kurasa 100 kabla husomeka kama hadithi.

Tuichukue sura ya 22 jinsi ilivyo. Ina makosa matatu yaliyorundikana, na droo ndiyo dogo kuliko yote. Kubwa ni hili: kwa nini Sefu hakuuchoma wosia? Mtu aliyeuficha ili arithi, akauweka ofisini kwake mwaka mzima, ni mtu aliyehifadhiwa na mwandishi ili akamatwe. La tatu ni kwamba Sefu anaingia, anamkuta, anasema:

“Ndiyo, mimi ndiye niliyeuficha! Baba yako alikuachia nyumba na shamba lote, lakini nilimhonga wakili, nikamfanya daktari aandike kwamba akili zake hazikuwa timamu. Sasa nani atakuamini?”

Anza na la nia, kwa sababu jibu lake linaweza kuyabeba mengine. Sefu ni mtu wa namna gani hata asichome karatasi hatari? Jibu moja: ni mtu asiyetupa karatasi yoyote. Basi tabia hiyo ipande mapema, na kila unapoipanda iwe na kazi nyingine ya kufanya. Katika sura ya 3 Sefu anamfokea mtoto aliyechana stakabadhi ya miaka 12 iliyopita. Kazi ya ukurasa huo ni kuonyesha ukali wake mbele ya wageni, na msomaji anacheka. Katika sura ya 11 Sefu anashinda ugomvi wa mpaka wa shamba kwa kutoa barua ya zamani ambayo kila mtu alidhani imepotea. Kazi ya sura hiyo ni kumpa ushindi na kumtisha Rehema. Ukifika sura ya 22, msomaji hahitaji kuelezwa chochote. Pengine alishajiuliza mwenyewe tangu sura ya 11 kama wosia umo kwenye makabati yale, na hapo umepata zaidi ya usadikifu: umepata taharuki.

Kanuni tunayopendekeza: jambo dogo lipandwe mara 1, kubwa mara 2, na lile linalobeba kilele mara 3. Mara ya mwisho isiwe ndani ya sura ileile ya mavuno. Kielelezo, yaani jambo ulilolipanda mapema, ambacho hakina kazi nyingine kitang’aa kama kidole chenye bendeji, kwa hiyo usimfanye mtu ataje ustadi wake wa kufungua kufuli katika mazungumzo yasiyohusiana na kufuli.

Droo sasa. Ifunge. Kufuli ni rafiki yako, kwa sababu humlazimu Rehema kulipa. Ufunguo anao Salma, binti wa Sefu, na njia ya kuupata ni kumdanganya rafiki pekee aliyebaki katika nyumba ile. Rehema anaupata, na katika sura ya 24 Salma anafukuzwa na baba yake. Kitu kilichonunuliwa kwa bei kubwa hakiulizwi kilipatikanaje.

Linabaki ungamo. Tafuta sababu ya Sefu kusema, kisha umwache aseme kidogo tu:

“Umeingia kwa ufunguo wa nani?”

Rehema hakujibu.

“Wa Salma.” Sefu akavuta kiti, akaketi. “Basi umeshafika ukurasa wa tatu.”

“Nimefika,” alisema Rehema, ambaye alikuwa bado wa kwanza.

“Wakili aliniambia angeichoma nakala yake. Kama hakuichoma, wa kulaumiwa ni wawili, si mmoja. Unataka kiasi gani, mwanangu?”

Sefu hafichui chochote anachodhani bado ni siri. Anapatana bei. Habari ya wakili inamponyoka kwa sababu anaamini Rehema anajua zaidi ya anavyojua, na imani hiyo ameipata kwa uongo wa Rehema mwenyewe. Habari ya daktari haimo kabisa, aende akaitafute katika sura zinazofuata. Ungamo la njama nzima limegeuka sentensi moja yenye mshiko.

Kuna dawa nyingine mbili za haraka. Ya kwanza ni kumpa mhusika swali la msomaji: mtu ndani ya hadithi aseme “mbona ilikuwa rahisi hivi?” Hufanya kazi ikiwa swali lina jibu, na jibu linaumiza, kwa mfano kwamba mlango uliachwa wazi makusudi. Bila jibu, umemwonyesha msomaji kwamba kosa uliliona na ukaliacha. Ya pili ni kufuta. Jaribu kuliondoa tukio zima na kuunganisha la kabla na la baada. Mara nyingi kuliko waandishi wanavyopenda kukiri, hakuna kinachoanguka.

Na simu. Katika riwaya ya wakati huu, kila kadi iulizwe kwa nini mhusika hapigi simu au hatumi ujumbe. Betri iliyokwisha na mtandao uliokatika vimetumika hadi vimechakaa. Vinafaa mara moja, tena viandaliwe. Bora zaidi ni kuiacha simu ifanye kazi na kumpa mhusika sababu ya kutoiamini: anayepokea amekaa na nani, ujumbe utasomwa na nani, sauti itamsaliti vipi. Simu inayofanya kazi huzaa migogoro mingi kuliko simu iliyozimika.

Hatua ya 8: Kagua mwili, saa na mwezi

Sehemu hii ni ya haraka ukiwa na kalenda na orodha. Andika tarehe na saa ya kila tukio, kisha tazama yafuatayo, ambayo ndiyo huponyoka zaidi.

Mtu mzima kwa miguu huenda kilomita 5 kwa saa katika njia nzuri. Usiku, msituni au akiwa na jeraha, hesabu 3 au pungufu. Farasi hukimbia kasi yake yote kwa kilomita chache tu, na safari ya siku nzima ni kilomita 40 hadi 60.

Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo na kutua karibu na mapambazuko. Mwezi mwandamo huonekana magharibi jua likishatua, kisha huzama mapema. Ukiuning’iniza juu ya wapenzi usiku wa manane, umekosea. Radi ikisikika sekunde 3 baada ya kumulika, imepiga umbali wa kilomita 1 hivi.

Kitambaa chenye klorofomu hakimwangushi mtu kwa pumzi mbili, anahitaji kuivuta kwa dakika kama 5. Pigo la kichwa linalomzimisha mtu kwa nusu saa ni jeraha kubwa la ubongo, na mhusika huyo hawezi kuamka, kujipangusa na kukimbiza gari. Risasi ya bega si mkwaruzo, kwani pale hupita mshipa mkubwa wa damu na neva za mkono. Kizuia sauti hupunguza mlio wa bastola bila kuumaliza, na chumba cha pili watausikia. Mashine ya kushtua moyo haisaidii moyo uliosimama kabisa wenye mstari mnyoofu kwenye skrini. Anayekandamiza kifua cha mtu mzima huenda mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, naye huchoka upesi. Mapacha wa kufanana hutofautiana alama za vidole, ingawa kipimo cha kawaida cha vinasaba hakiwatenganishi.

Usiyamwage haya yote kwenye ukurasa ili kuonyesha kwamba umefanya utafiti. Kazi yake ni kukuzuia usikosee. Kama jambo hulijui na huwezi kulithibitisha, lipunguzie undani: “alimpiga risasi” haina makosa ya kiufundi, ilhali jina la bastola na idadi ya risasi zake vinaweza kuwa nayo mawili.

Mswada wa mada nzito ya kitaalamu mpe mtaalamu mmoja asome sura husika tu, si kitabu kizima. Mwulize “mtu wa kazi yako angefanya nini hapa?” badala ya “hii ni sahihi?”. Swali la kwanza humfanya akusimulie utaratibu mzima, na ndani yake utapata kikwazo kizuri kuliko ulichokibuni.

Hatua ya 9: Soma upya, na ujue pa kuacha

Baada ya marekebisho, soma kitabu chote kwa muda usiozidi siku 3, maana kielelezo cha sura ya 3 na mavuno ya sura ya 22 havipimiki vikitenganishwa na wiki mbili. Tazama hasa kama marekebisho yamezaa matatizo mapya. Ukimpa Sefu tabia ya kutotupa karatasi, kuna sura nyingine ambamo hapo awali alichana barua kwa hasira. Lazima uirudie.

Kisha wape sura zilizobadilika wasomaji wawili wapya. Wale wa kwanza hawafai tena, wanajua jeraha lilipokuwa.

Hatari ya upande wa pili ni kukaza kila skrubu mpaka kitabu kikose hewa. Watu halisi hufanya mambo ya ajabu, na riwaya ambamo kila tendo lina risiti husomeka kama ripoti. Tukio lisilobeba uzito wa msuko liache na uajabu wake: jirani anayefuga kunguru hadaiwi sababu, maana hakuna linalomtegemea. Anayedaiwa ni kunguru atakayeuleta ufunguo.

Likibaki tukio moja ambalo umelijaribia dawa zote na bado linakwama, angalia kama tatizo si mhusika mwenyewe. Umemtaka Rehema mpole aingie usiku kwenye ofisi ya mtu mwingine, na hakuna kielelezo kinachotosha kumsukuma. Basi ama umwandike upya tangu sura ya 1 awe mtu ambaye angeingia, ama kazi hiyo impe Salma, ambaye ufunguo ni wake na hasira anayo tayari.